Baraka Iliyoshukia Kiunoni

Wanis alikuwa mwokaji wa kanisa la Kikopti la kijiji cha Naga Basili, na moshi wa tanuri ulikuwa umemkolea hata mbu wa Nile walimpisha njia. Husimuliwa kwamba akienda kuoga mtoni samaki walielea juu wakiwa wamekwisha kukaushwa, tayari kwa bamia. Usiamini yote. Nusu yake yatosha.

Kila siku ya misa, kabla ya kuonja hata tone la maji, aliingia kile chumba cha tanuri kilicho pembeni mwa ua wa kanisa, kinachoitwa Bethlehemu, akafunga mlango, akakanda unga huku akiimba Zaburi. Zaburi ikiwa mdomoni, Wanis hazungumzi na kiumbe. Siku moja nyoka alimpitia juu ya mguu katikati ya Zaburi ndefu, na Wanis akaendelea kuimba. Nyoka naye, kwa adabu, alisubiri amalize ndipo akatoka.

Katika mikate aliyotoa tanurini kasisi huchagua mmoja usio na ufa wala doa, ukaitwa Mwanakondoo, ukapanda altareni ukawa Mwili wa Bwana. Iliyobaki hugawiwa watu mlangoni, mkate wa baraka, kila mtu kipande chake. Basi tangu Wanis awe kijana, hakuna Mkristo aliyezikwa Naga Basili bila kazi ya mikono yake kupita kinywani mwake. Hilo ndilo jambo pekee alilojivunia, na alijivunia kimyakimya, kama mtu aliyeficha kipande cha halua mfukoni.

Mkewe alikuwa Galila, binti wa ami yake. Mungu hakuwapa watoto. Badala yake alimpa Galila ulimi ambao ungetosha kugawiwa mabinti saba na bado mama mkwe akabaki na wake. Punda wa jirani aliwahi kumpiga teke. Galila akamsema tangu asubuhi hadi adhuhuri, na tangu siku hiyo punda yule akipita mlangoni kwake huinamisha masikio.

Kasisi wao, Abuna Sarabamon, alikuja kutoka Asyut, mtu aliyesomea mambo ya umeme kabla ya kuwekewa mikono. Mwaka wa kwanza alipendwa na wote. Alibeba matofali pamoja na wanaume, aliwapelekea wagonjwa Komunyo kwa miguu hadi mashamba ya mbali, na mtu akitaka kumbusu mkono aliuvuta haraka. Lakini cheo ni kama chachu: kidogo huumua unga, kikizidi unga huchacha. Mwaka wa pili aliacha kuuvuta mkono. Mwaka wa tatu aliunyosha mwenyewe. Kufikia mwaka wa tano ule mkono ulitangulia kuingia chumbani, Abuna akaufuata nyuma.

Alikuwa na neno lake. Si lake, ni neno la zamani la watawa wa jangwani, lakini alilichukua akalifanya fimbo: "Baraka humshukia mwana wa utii." Wanaume wakiombwa kujenga ghorofa ya pili ya nyumba ya kasisi msimu wa kuvuna miwa, husikia: baraka humshukia mwana wa utii. Mwenye bata mnono huambiwa hivyo hivyo, na jioni bata yuko sufuriani kwa Abuna. Ni nani angekataa? Kukataa ni kuikataa baraka.

Mkesha wa sikukuu ya Ubatizo, wakati maji ya mfereji huuma vidole, wanawake waliitwa kufua mazulia ya nyumba ile ya ghorofa. Galila alikuwa ameshapita sitini. Alikwenda, maana alikuwa mtiifu kwa miguu ingawa si kwa mdomo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Galila alilisikia la mkuu, na kilichovunjika ni kiuno. Aliinua zulia lililolowa, kitu kikalia ndani ya mgongo kama muwa uliokatwa, akabaki ameinama hapo hapo hadi wenzake walipomwongoza nyumbani kama mbuzi.

Jumapili iliyofuata Abuna alimkuta uani mwa kanisa ameshikilia ukuta.

"Mbona umepinda hivyo, mama Galila?"

"Ni baraka, Abuna."

"Baraka gani?"

"Si ulisema humshukia mwana wa utii? Imeshuka. Imenishukia kiunoni. Naibembeleza walau ipande mabegani, imegoma."

Mama Bebawi, jirani yake, alicheka mpaka kilemba cha mumewe kikamdondoka, na mumewe wakati huo alikuwa shambani. Kabla ya jioni neno lilikuwa limezunguka kijiji kizima na kuvuka mfereji. Tangu siku ile hakuna aliyeumwa mgongo Naga Basili. Watu walikuwa na baraka. Hata Haji Abdelradi, Mwislamu mwenye duka la dawa, alikuwa akimuuliza mteja bila kucheka, "Baraka ya juu au ya chini?" kisha anampa dawa ya kuchua.

Wanis hakucheka. Alimwambia mkewe jioni ile, "Binti ami, mdomo uliponza kichwa."

"Changu hakijaponzwa. Kilichoponzwa ni kiuno, na hakikusema kitu."

Jumapili ya tatu Abuna akihubiri alijisahau, akalitamka lile neno lake. Kanisa zima likaanza kukohoa. Wazee walijishika viuno. Msichana mmoja upande wa wanawake alitoka nje mbio akiuma kitambaa. Abuna alisimama pale na kitabu mkononi, akawa mwekundu, kisha mweupe, na Wanis aliyekuwa karibu na nguzo alimwona jinsi midomo ilivyomtetemeka kama ya mtoto aliyevuliwa nguo mbele ya wenzake. Alimhurumia. Ndipo Abuna akasema, polepole: Galila mke wa Wanis asiikaribie Meza ya Bwana, mpaka aje mbele ya watu wote, asujudu paji la uso likiwa sakafuni, aombe kufunguliwa kosa la kumdhihaki kasisi wa Mungu.

"Kuinama nitainama," Galila alisema nyumbani. "Kuinuka ndiko kwenye kazi. Aniwekee winchi."

Alisema hivyo kwa kuwa alidhani ni jambo la wiki mbili. Lakini Kwaresima ilipoingia miguu yake ilianza kuvimba, kisha tumbo, na pumzi ikawa fupi. Daktari wa Girga alisema ni moyo, umechoka, na hakuna moyo wa akiba. Akalazwa nyumbani juu ya godoro karibu na dirisha. Mzaha haukumtoka, ila sasa aliutoa vipande vipande, katikati ya pumzi na pumzi. Na jambo moja hakulifanyia mzaha hata kidogo.

"Nataka Komunyo, mwana wa ami," alimwambia Wanis. "Nataka mkate wako, ule uliopita altareni. Huu wa mlangoni unaoniletea nimeushiba."

Wanis alikwenda kwenye nyumba ya ghorofa. Alivua viatu mlangoni, akasimama kwenye moja ya mazulia yale.

"Abuna, Galila anakufa."

"Mungu amponye. Aje asujudu, nami nitamfungua saa hiyo hiyo."

"Hawezi hata kuketi."

Abuna alifikiri. Hakuwa mtu wa kufurahia mateso, hilo lazima lisemwe. Alikuwa mtu anayeogopa kuchekwa, na huyo ndiye mbaya zaidi akipewa ufunguo. "Basi aseme kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili, kwamba alinidhihaki na anatubu."

Wanis alilipeleka neno nyumbani. 

"Dhambi ninazo," Galila alisema. "Ninazo hata za kumgawia. Nitamwambia zote, hata ile ya kuku wa Mama Bebawi. Lakini niseme kiuno hakikuniuma? Huo ni uongo mpya, nao nitauungama kwa nani, nikiwa nimeshafika mlangoni?" Akapumzika. "Mwambie hivi. Kama nilimuumiza, anisamehe."

Wanis alirudi kwa Abuna kama anayekimbia, mzee mzima, maana alijua neno lile lilivyomgharimu. Hakuwahi kumsikia Galila akimwomba mtu msamaha. Hata wakati ule wa punda, punda ndiye aliyeanza.

"Amesema, kama alikuumiza, umsamehe."

"'Kama'?" Abuna alisema.

"Ndiyo, Abuna."

"Hakuna 'kama' katika toba, Wanis. Mwizi haji kuungama akasema 'kama niliiba'. Aiondoe 'kama', nami nitakuja."

Hivyo mlango wa mbinguni ukafungwa kwa neno la silabi mbili. Wanis alikwenda kwa kasisi wa kijiji cha pili, naye akamwambia hawezi kukama ng'ombe wa mwenzake. Alikwenda kwa askofu mjini. Akaambiwa askofu yuko mafungoni jangwani hadi Pasaka. Alirudi na kumkuta Galila amelala, mdomo wazi. Akakaa kando yake mpaka alipofumbua macho.

"Iondoe hiyo 'kama', binti ami. Ni neno dogo."

"Dogo ndiyo. Ndiyo maana sielewi kwa nini yeye hawezi kuliruka."

Jumapili ya Matawi aliamuru abebwe kanisani. Mama Bebawi na wanawake wengine walimbeba na godoro lake, wakamlaza nyuma kabisa, mlangoni. Komunyo ilitolewa, yeye akaitazama kwa mbali, kama mwenye njaa anavyotazama arusi. Kisha ikaja ile ibada ya siku hiyo: kwa kuwa katika Juma Kuu hakuna kusali maziko ya mtu yeyote, huzuni yote ikiwa ni ya Bwana, basi watu wote husaliwa maziko yao mapema, wangali hai, kwa wale watakaofariki ndani ya juma. Abuna alipita katikati ya kanisa akinyunyiza maji ya maziko huku na huku, na matone yakamfikia Galila usoni. Mkono ulisita kidogo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuruka.

"Umeona?" Galila alimnong'oneza Wanis. "Chakula wameninyima, maziko nimepewa."

Jumatano ya Juma Kuu, iitwayo ya Ayubu, wakati wenzake wanakula ngano mbichi ya kuchoma na kuoga kwa majani yanayosemekana yalimponya Ayubu vidonda, Wanis aliketi kwenye kizingiti akiangalia mikono yake. Wazo lilikuwa limemwingia, na kwa kuwa hakuzoea kuwa na mawazo ya namna ile, lilimtikisa mwili mzima. Alhamisi Kuu kuna misa. Misa haina njia bila mkate. Mkate hauna njia bila Wanis, kwa kuwa hakuna mwingine aliyefundishwa, na mkate wa sokoni haupandi altareni.

"Kesho sitawasha tanuri," alisema. "Asimame pale mbele na mikono mitupu. Kijiji kizima kimuulize, mkate uko wapi. Ndipo atakapokuja hapa akikimbia."

Galila alimgeukia. Kugeuka tu kulimchukua muda.

"Na Mama Bebawi asile? Na yule mjane wa Bulus anayengoja Alhamisi hii tangu mwaka jana?"

"Siku moja tu."

"Mtu mmoja amenifungia mlango, nawe uwafungie wote. Tutakuwa na makasisi wawili, mwana wa ami, na mmoja ametushinda."

Wanis akaondoka, akaenda kuchunga unga. Alhamisi kabla ya jua alikanda, akaimba, akaoka. Na kwa kuwa mikono ina tabia yake hata moyo ukiwa mchungu, mikate ilitoka mizuri kuliko mwaka wowote, mviringo kama mwezi.

Alhamisi Kuu, kabla ya misa, kasisi hujifunga kitambaa cha kitani kiunoni, akachukua maji, akaosha miguu ya watu, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake, hata yule aliyekwisha kumuuza. Abuna Sarabamon aliifanya kazi hiyo vizuri. Alipiga magoti mbele ya kila mwanamume, akaosha, akakausha, akaenda kwa mwingine. Alipofika kwa Wanis, Wanis aliirudisha miguu chini ya benchi.

"Leta mguu, Wanis."

"Yangu inatembea, Abuna. Ya Galila ndiyo isiyoweza kuja hapa. Kaoshe ile."

Hakupaza sauti, lakini kanisa lilisikia. Wanis hakuwahi kumwambia mtu hapana tangu azaliwe, na neno lililokaa ndani miaka yote hiyo lilitoka limeiva.

"Mwana wa utii..." Abuna alianza, kwa mazoea, kisha akanyamaza mwenyewe. Safari hii hakuna aliyekohoa. Ingekuwa nafuu wangekohoa. Alibaki amepiga magoti na beseni lake mbele ya mzee aliyeficha miguu, na watu wote walitazama sakafu.

Misa ilikwisha. Wanis aliwasha mshumaa, akasimama mlangoni mwa kanisa, kama anavyosimama mtu anayemtangulia kasisi kwenda kwa mgonjwa. Komunyo kwao hailazwi. Hupelekwa siku ile ile au haipelekwi. Abuna alitoka, akauona mshumaa, akaona na watu waliosimama uani makusudi, wamechelewa kwenda nyumbani. Wanis alimwona akiwatazama mmoja mmoja. Alimwona anataka kwenda. Hilo Wanis alikuwa tayari kuliapia: mguu mmoja ulikuwa umeshanyanyuka.

"Jumamosi," Abuna alisema chini chini. "Baada ya misa ya Jumamosi, nitakuja. Hata hiyo 'kama' tutaiacha. Watu wapoe kwanza, wasiseme nimeburutwa."

"Jumamosi ni mbali, Abuna."

"Ni kesho kutwa tu."

Wanis aliuzima mshumaa kwa vidole.

Galila alimsikia anavyoingia, akajua.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Ah." Alifumba macho. "Basi mimi na Bwana tutapishana njiani. Yeye anafufuka, mimi natelemka."

Ijumaa Kuu, kanisa likiwa limevikwa vitambaa vyeusi na watu wakisujudu na kuinuka, Wanis hakwenda. Alikaa naye. Adhuhuri ilipokaribia, Galila aliushika mkono wake, akaupeleka puani, akaunusa. Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na unga uliokauka. Akakiweka kile kidole mdomoni.

"Haujaiva huu," alisema. "Utaniumiza tumbo."

Hakusema tena. Walimzika kabla ya jua kuchwa, bila uvumba, bila sala ya maziko, kwa sababu sala ilikwisha kusaliwa. Abuna Sarabamon alitembea mbele ya jeneza. Mama Bebawi alitembea nyuma yake, akimsemea mgongoni maneno ambayo hata punda angelia, naye hakugeuka.

Jumamosi alasiri Wanis aliingia Bethlehemu kuoka mikate ya misa ya Pasaka. Alikuwa ameshaanza Zaburi mlango ulipofunguliwa. Abuna aliingia peke yake, akaufunga nyuma yake. Usoni alikuwa kama mtu aliyetolewa tanurini kabla ya wakati.

"Wanis."

Wanis alikanda, akaimba.

"Leo usiku nitasimama altareni, na imeandikwa, ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza ukapatane naye. Nimekuja. Nilikosa. Nilimkosea yeye, nimekukosea wewe." Akangoja. "Sikusema 'kama'."

Zaburi iliendelea. Ndipo yule kasisi akapiga magoti kwenye sakafu ya unga, akainama, akaligusisha paji la uso chini, sujudu ile ile aliyomtaka mama mwenye kiuno kilichovunjika aifanye. Alikaa hivyo. "Nifungue, Wanis. Sema neno moja."

Kumfungua kasisi si kazi ya mwokaji, kwa sheria. Lakini wote wawili walijua kwamba siku ile ufunguo ulikuwa kwenye mikono yenye unga. Wanis alimtazama mgongo. Alihisi kitu kikipanda kifuani, kitu cha moto na kitamu, ambacho katika miaka yote ya utii hakuwahi kukionja, na alishangaa jinsi kinavyotelemka kooni bila shida, kama asali. Zaburi ilifika mwisho. Akachukua pumzi, akaanza nyingine, ndefu kuliko zote.

Alioka. Akaipanga mikate kwenye kapu, akalifunika kitambaa, akaliweka mikononi mwa Abuna ambaye sasa alikuwa amesimama, unga kwenye magoti na kwenye paji la uso. Kapu alimpa. Neno hakumpa.

Usiku ule wa Pasaka watu walipanga mstari kwenda mezani, na Wanis alibaki karibu na nguzo yake. Mtu mwenye kinyongo haendi. Hakuna aliyemkataza, alijikataza. Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Abuna Sarabamon aliacha kuunyosha mkono, mazulia akayauza, na kila siku ya misa hupita mlango wa Bethlehemu akasema, "Nisamehe, Wanis," na kila siku humkuta Zaburi mdomoni.

"Mpaka lini?" Mama Bebawi alimuuliza, siku alipomkuta ameketi kizingitini peke yake. "Galila mwenyewe angekwisha kumsamehe na kumtungia utani wa pili."

"Najua."

"Sasa?"

Wanis aliangalia mikono yake. "Ni tamu, Mama Bebawi. Hakuna aliyeniambia kwamba ni tamu hivi."

 Mama Bebawi alimkatia kipande cha mkate wa baraka aliopewa mlangoni, mkate alioukanda Wanis mwenyewe, naye akautafuna polepole, maana ndio mkate pekee wa kanisa aliokuwa akila.